Kungoja Magari ya Italia

Casablanca, 9 Aprili 2013

Kwa dada yangu Zhor,

Salaam aleikum. Natumaini wewe, mama na binti yako Ikram hamjambo huko Beni Mellal. Mimi naendelea, isipokuwa mguu.

Wewe peke yako hapo nyumbani unajua kuwa Italia sikufika. Usilolijua ni kwamba hata chumba sina. Nalala kwenye baraza za soko. Polisi wakitufukuza twahamia ukuta wa stendi ya mabasi, na wa stendi wakitufukuza twarudi sokoni.

Kuna watu wa huduma wanaotuzungukia kwa gari, na supu ya harira ya moto, blanketi na dawa. Nesi wao, Lalla Saadia, ana mdomo unaochoma kuliko spiriti anayonipaka. Nina kisukari, dada, na kidonda cha kisigino hakifungi. Hospitali walinifunga bandeji wakanitoa. Saadia anasema kidonda hakiponi barabarani, lazima nilale kituoni kwao nitibiwe. Lakini vitanda ni vichache, hupewa yule ambaye jamaa zake wamekubali kumpokea. Wanamtibu, wanampeleka hamamu kuoga, wanamnyoa ndevu, wanamrudisha kwao.

Nimewapa namba yako. Wakipiga, wakubalie tu. Simu yangu iliibwa, basi niandikie kupitia kituo.

Ndugu yako mdogo,
Miloud

Beni Mellal, 22 Aprili 2013

Kwa mdogo wangu Miloud,

Salaam nyingi, na mama anakusalimu akidhani uko Torino. Afya yetu njema, alhamdulillahi. Yako imeninyima usingizi.

Walipiga. Unajua walinikuta na nani? Wazazi wa kijana aliyemposa Ikram, wamekaa sebuleni, chai mkononi, na mama anawasimulia habari za mwanawe wa Italia. Sauti ya yule mama wa kituo kwenye simu ilisikika mpaka kwa wageni. Nikasema, "Umekosea, bibi. Ndugu yangu yuko Ulaya." Nikakata. Nikageuka kuwaongezea chai, nikaimwaga.

Nisamehe. Lakini nisikilize. Agosti magari ya watu wetu wanaorudi likizo kutoka Italia yatajaa mtaa mzima, mizigo juu ya paa, kila nyumba ina mgeni wake. Ukirudi siku hizo, nani atakuuliza? Nitakutafutia sanduku na zawadi mbili tatu, maana mkono mtupu haulambwi. Ukija sasa, peke yako, bila gari, kwa mguu huo, hata mtoto wa jirani atajua. Na posa ya Ikram itavunjika.

Vumilia mpaka Agosti. Nakutumia suruali na koti kwa basi.

Dada yako,
Zhor

Casablanca, 11 Mei 2013

Kwa dada Zhor,

Salaam. Sisi wazima, ukitoa kile kisichokuwa kizima. Koti limefika, asante. Suruali imenipwaya, huku hatunenepi.

Sikulaumu. Hiyo hadithi ya Torino niliianza mwenyewe, wewe umeibeba tu. Lakini ungemsikia Saadia!

"Jamaa zako wamekukana?"

"Hawajanikana. Wamesema ningoje Agosti."

"Agosti kuna nini? Harusi?"

"Kuna magari."

Akanitazama kama mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza. "We Miloud, mguu huu hauna kalenda. Mpigie dada yako hapa hapa, nitaongea naye mimi."

Nilikataa. Nikamwambia Agosti si mbali. Tangu hapo nikiliona gari lao nahamia mtaa mwingine, nimechoka kuhojiwa. Mara soko, mara stendi, mara nyuma ya msikiti. Siwezi kutulia mahali pamoja, na nikisimama mguu unapiga kama ngoma.

Tutangoja. Msalimie Ikram.

Ndugu yako,
Miloud

Beni Mellal, 3 Juni 2013

Miloud,

Salaam. U mzima? Sina la kuandika zaidi ya hilo. Mahari imekubaliwa, watu wanashangilia, mimi natembea jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Niandikie hata mstari.

Zhor

Beni Mellal, 17 Juni 2013

Miloud, mdogo wangu,

Nimepiga namba ya kile kituo mara nyingi. Wanauliza mimi ni nani wako, nakata. Naogopa jibu lao na naogopa langu. Nijibu, nakuomba.

Dada yako

Casablanca, 25 Juni 2013

Kwa dada yangu Zhor,

Salaam aleikum. Naandika kutoka hospitali, usishtuke, niko hai.

Nilianguka nyuma ya msikiti, homa kali. Wauza majani ya nanaa ndio waliomwita Saadia. Hakungoja jamaa wala ruhusa ya mkubwa wake, akanipakia garini akinitukana njia nzima huku analia. Daktari alifungua bandeji, akaagiza chumba cha upasuaji. Wameukata mguu chini ya goti.

Basi habari njema, dada. Hadithi tumeipata. Waambie mashine ya kiwandani Torino. Mtu aliyeacha mguu Italia huheshimiwa, watamwekea na kiti cha mbele harusini. Na Agosti nitakuwa nimeshazoea magongo.

Nimechoka lakini sina kinyongo. Nina hasira tu, na sijui nimpe nani.

Ndugu yako,
Miloud

Beni Mellal, 1 Julai 2013

Mdogo wangu Miloud,

Salaam ya Mungu iwe juu yako. Barua yako imefika leo, nimeisoma nimesimama, nikaketi sakafuni.

Hakuna mashine na hakuna Torino. Wakwe walikuwepo tena, wakipanga siku. Nikasema yote, kuanzia baraza za soko. Na nikasema kwamba mguu wa ndugu yangu nimeukata mimi, kwa kuona haya mbele yao. Mama wa kijana alivaa viatu vyake akatoka bila kuaga. Ikram analia chumbani, na sijui posa itasimama au itaanguka. Itajulikana nikirudi.

Alhamisi napanda basi kuja kukuchukua. Nimempigia Saadia, akanifokea mpaka nikashukuru.

Mama hakunifokea. Aliuliza tu, "Mguu upi?" Nikamjibu, wa kushoto. Akaingia chumbani kwake, chumba kile cha chini, akaanza kukunja magodoro. Anahamia juu, anasema wewe huwezi ngazi. Magoti yake nayo hayaziwezi, Miloud. Anapanda kwa makalio, ngazi moja moja, na mto kifuani, na akiguswa anafukuza mtu.

Dada yako,
Zhor