Nimeharibu Vipimo vya Shangazi

Jumatano, 6 Agosti

Mama Mshauri mpenzi,

Naapa kukueleza yote, hata yanayonifanya nionekane bwege. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi wa maabara, niko kwenye mazoezi ya kazi kwa shangazi yangu aliyenilea, ambaye ametunga njia mpya ya kupima protini kwenye seramu, ile dawa ya kutibu sumu ya dondakoo, na kabla njia hiyo haijakubaliwa lazima mtu wa pili aifuate kama ilivyoandikwa na apate majibu yanayokaribiana na yake, na huyo mtu wa pili, Mungu amhurumie shangazi, ni mimi. Maelekezo yalisema "changanya", basi nikachanganya kama juisi ya nyumbani, kwa nguvu zote, na mashine ikasoma protini nyingi ungedhani nimepima maharage.

Shangazi aliitazama neli, ile chupa nyembamba ya kupimia, akashika kichwa. "We mtoto! Povu lote hili, unafua?"

"Imeandikwa changanya, shangazi."

"Changanya, siyo pigana nayo! Povu linaidanganya mashine. Inageuzwa polepole, hivi. Kila mtu anajua."

Kila mtu isipokuwa mimi, kama kawaida. Sasa anataka nirudie kupima, safari hii polepole, na majibu ya kwanza tuyatupe, kwa sababu mkuu wa maabara anamsubiri mwisho wa mwezi. Lakini nawaza, maelekezo haya yatapelekwa maabara nyingine, na huko hakuna shangazi wa kumfokea mtu, na mgonjwa atapewa dawa iliyopimwa vibaya. Je, nirudie na kunyamaza, au niseme? Nakuomba unijibu mara tu uisomapo barua hii.

Jibu la Mama Mshauri

Binti yangu,

Pole, na acha kujitukana, umejitukana vya kututosha sote. Ila na wewe, nani anatikisa dawa hivyo bila kuuliza? Haya, sikiliza. Unadhani mtu wa pili anatafutwa kwa nini? Mzoefu angefuata mazoea yake, pengo la maelekezo lisionekane. Wewe umesoma kilichoandikwa, ukafanya kilichoandikwa.

Basi usinyamaze. Chukua neli mbili, moja igeuze polepole, nyingine itikise, zisome zote mbele ya shangazi. Usimwambie amekosea, mwambie, "Shangazi, tuongeze maneno haya: geuza polepole, usitikise." Majibu ya kwanza yasitupwe, yaandikiwe sababu yake. Akifoka, mwitikie kwa heshima na usiweke neli chini. Maelekezo yakisharekebishwa, ndipo urudie kupima. Hapo majibu yako yakikaribiana na yake, yatakuwa yamekaribiana kweli.