Jaribio la Marehemu

Jumatatu, 3 Machi
Tumehamia kompyuta mpya. Maktaba yetu — ile programu inayopigia hospitali hesabu za mionzi ya wagonjwa — asubuhi nzima imekataa kujengwa iweze kuendeshwa. Kumbe faili moja la zamani! Nikalifuta, ikajengeka. Majaribio yote ya kuikagua yakapita isipokuwa moja, aliloandika marehemu, mwenzangu wa meza ya pili. Skrini ikatoa maneno yake: "Bado, dada. Angalia tena." Ndio uliokuwa utani wake, kuandika ujumbe wa kosa kama anakusemesha. Mwaka wa pili huu yuko kaburini.

Jumanne, 4 Machi
Nimeliendesha tena: limepita. Tena: limeanguka. Sijagusa kitu! Bosi anasema marehemu alikuwa na wasiwasi kupita kiasi, nilitoe jaribio lake tusonge mbele. Nikasema haraka haraka haina baraka. Akacheka — eti hospitali haingoji methali. Sikumwambia kuwa Ijumaa mama mdogo anaanza kupigwa mionzi ya shingo hospitali hiyohiyo. Atasema naleta mambo ya nyumbani kazini.

Jumatano, 5 Machi
Kiti cha marehemu kimelia. Hakuna mtu. Nimekigeuza kitazame ukuta. Ujinga, najua.

Alhamisi, 6 Machi
Nimelikamata kosa! Kompyuta hii mpya, kama zile za hospitali, inagawa hesabu mafungu mafungu, yote yanakwenda kwa pamoja, na mawili yanaandika mahali pamoja. Likitangulia hili, jibu sahihi. Likitangulia lile, kipimo cha mionzi kinapanda karibu mara mbili. Marehemu hakuwa na wasiwasi wa bure. Bosi kashatoka. Si kitu, toleo jipya la programu halitoki bila mimi. Kesho nitarekebisha.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefika, skrini kijani tupu, kila jaribio limepita. Bosi alilitoa jaribio jana jioni, akapeleka toleo hospitali. Eti alitaka kunipunguzia mzigo! Nimemlilia palepale, sina haya.

Mama mdogo hapokei simu. Nimempata fundi wa mionzi, nikamwambia asiwashe mashine. Akashangaa: mbona taarifa yenu inasema majaribio yote yamepita, hakuna hata moja lililoanguka? Nikamwambia moja limetolewa. Kisha akasema ngoja kidogo, dada, kuna mgonjwa ndani.

Naandika huku nimeshika simu. Nasikia viatu vyake. Sasa mlango mzito unafungwa. Sijui kaingia kumtoa mgonjwa, au ndo wanaanza —