Kasia la Athmani

Shikamoo mama,

Jua la Mtongwe limenichoma pua. Leo kaka Kioko na mwenzake Athmani walikuwa wakiongoza mchujo wa mbio za makasia za kimataifa, wawili tu, kila mmoja kasia lake. Wapiga makasia hukaa wakitazama nyuma, kwa hiyo Athmani alimwona nyanya yake ufukweni baada ya kumpita.

"We Athmani! Wanipita hivi hivi, hata salamu?"

Akaachia kasia, akainua mkono. "Shikamoo, nyanya!"

Kioko akavuta peke yake, mashua ikageuka, ikakwama mchangani mbele ya bibi huyo.

"Marahaba. Na mbona mwanijia mmenipa migongo?"

Kesho wana nafasi moja ya mwisho kuingia fainali. Nyanya ameapa kunyamaza. Usimwombee Kioko, mama, mwombee nyanya.

Nimekukumbuka mno,
Mwende