Karatasi Nne za Mlo wa Jioni

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa kila mtu humu ndani, hata kwa kaka yetu, ambaye amejinyoosha kwenye kochi na kujitia hajui ninaandika nini. Hujambo lakini? Mgongo umetulia? Na yule msimamizi wako wa chumba cha kufulia, bado anahesabu mashuka kana kwamba aliyafuma yeye? Sisi huku wazima. Baba kikohozi kimemwachia, Mama bado anadamka kwenda bekari kukanda unga na kurudi alasiri akilalamikia vijana wa siku hizi, na mimi cherehani yangu inanilisha.

Najua unajiuliza barua ya nini na simu zipo. Kwenye simu wewe hunikatiza, nami nikikatizwa hupata pa kutorokea. Leo sitaki pa kutorokea. Nina habari njema mpaka mkono unatangulia kalamu, na nina jambo nililokufanyia ambalo si jema hata chembe. Yote yanamhusu binti yako, Chiriku wetu. Ukishasoma mpaka chini ndipo utaamua kama bado unaniamini na mwanao. Nakuomba usirukie mwisho, maana nakujua.

Basi nianze na tamu. Ijumaa iliyopita Chiriku alicheza netiboli mechi nzima. Nimesema nzima, dada, tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho. Nilikuwa pembeni ya uwanja na Mama, roho juu, nikisubiri ashike magoti aombe kutoka, na hakuomba. Alidaka, akarusha, akamgombeza nahodha wake mwenyewe, akadaka tena. Walifungwa mabao kumi na moja kwa manne na alitoka uwanjani anacheka. Mama alipiga vigelegele mpaka mwalimu wa michezo akaja kumuuliza kama amejua matokeo.

Utasema mtoto wa darasa la nne kucheza mpira kuna ajabu gani. Hujui, kwa sababu sikukuambia. Mwaka jana wakati kama huu mwanao alikuwa hawezi kupanda ngazi za shule bila kupumzika katikati. Alikuwa amenenepa, dada, wala sisemi ule unene wa kitoto ambao watu hufinya mashavu na kusifu. Alikoroma kama mtu mzima. Magoti yalimuuma. Darasani walikuwa wamempa jina ambalo sitaliandika hapa. Na mimi niliyekuwa nimewekwa kumwangalia ndiye niliyekuwa wa mwisho kuona, kwa sababu mimi ni fundi nguo. Mama wengine sare ikimbana mtoto huenda kununua nyingine, wakaona namba iliyoandikwa kwenye kola wakashtuka. Mimi nilikuwa nafumua mshono. Leo natoa kidogo huku, baada ya wiki tatu kidogo kule, na kitambaa kikiisha naongeza kipande ubavuni, nakipiga pasi, huoni kitu. Sketi moja nimeifumua mara saba. Naijua hesabu kwa sababu baadaye nilikaa nikazihesabu alama za sindano.

Aliyenifumbua macho ni muuguzi aliyekuja shuleni kupima watoto. Alinipigia simu mwenyewe, kwa upole, akanieleza kwamba sukari ya mtoto kwenye damu imekaribia mpaka ambao hapendi kuuona kwa mtoto wa umri ule, na kwamba kuna kikao cha wazazi Jumamosi katika zahanati. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kugombezwa. Nilikuwa na majibu yangu tayari: kwetu hatuli hovyo, tunapika nyumbani, mboga zipo kila siku.

Hakutugombeza. Tulikuwa kama watu ishirini, wa kila namna, wenye magari na wenye kutembea, wenye dini hii na ile, wengine hata lugha za nyumbani hatuelewani. Alitupa kila mmoja karatasi na penseli akatuambia tuchore nyumba zetu. Tuoneshe chakula kinakaa wapi, televisheni iko wapi, mtoto anakula wapi, anakula na nani. Watu wakaanza kucheka kwa aibu wakichora. Kulikuwa na mke wa mwenye duka, mama wa dhahabu mpaka kwenye meno, friji yao iko chumbani kwa mtoto kwa kuwa jikoni soketi iliungua na hakuna aliyekumbuka kuitengeneza. Kulikuwa na baba mmoja anayelea peke yake, dereva, anamfungia mwanawe ndani tangu mchana kwa kuogopa malori ya mtaani, anamwachia simu na pakiti za biskuti zimlee. Kulikuwa na bibi wa wajukuu saba ambaye kwake anayemaliza kwanza ndiye anayeongezwa, kwa hiyo watoto wamejifunza kumeza bila kutafuna. Hakuna hata mmoja pale asiyempenda mtoto wake. Nilitazama huku na huku nikitafuta mzazi mbaya wa kujilinganisha naye nikamkosa.

Mimi kwenye mchoro wangu nilichora meza yetu kubwa ya chakula, ile ya Mama, kisha nikaandika juu yake: vitambaa. Muuguzi akaniuliza sasa mnakula wapi. Nikamjibu popote.

Ni kweli, dada. Tangu uondoke niliigeuza ile meza kuwa ya kukatia nguo, na hakuna aliyelalamika. Mama akirudi alasiri anakula jikoni kwenye kigoda. Baba anakula kwenye benchi la mlangoni kabla ya kwenda lindo. Mimi nikifunga kazi saa moja nakula nimesimama kati ya mikasi na chaki. Kaka anarudi kutoka kwenye nyaya zake za umeme saa mbili, anakula kwenye kochi mbele ya mpira. Muuguzi akaniambia nikirudi nyumbani kila mtu mzima aandike kwa wiki moja anachokula mtoto mbele yake, asimwoneshe mwenzake.

Jumapili mchana, wote tukiwa nyumbani, tukaziweka karatasi nne juu ya vitambaa vyangu. Dada, ningekuwa na uwezo ningekutumia ya Baba uitie kwenye fremu. Ameiandika kama daftari la zamu: saa kumi na moja na dakika ishirini na tano jioni, mjukuu aliwasili benchini, alipewa viazi vitatu na kipande cha nyama, aliondoka saa kumi na moja na dakika hamsini, hali shwari. Siku zote saba hali shwari. Mama hapendi kuandika, kwa hiyo alimwamuru Chiriku amwandikie, na ushahidi ukaletwa kwa mwandiko wa mtuhumiwa mwenyewe: mkate wa bekari vipande vinne, siagi, chai ya sukari, wali kidogo. Kaka aliandika mstari mmoja tu, kwamba anaonja tu, na soda, lakini wanagawana. Yangu ilikuwa na neno "kidogo" mara kumi na tisa.

Tukazisoma moja baada ya nyingine na kila mtu akawa anatikisa kichwa akisikiliza ya mwenzake. Halafu tukajumlisha. Mtoto alikuwa anakula chakula cha jioni mara nne. Kila mmoja wetu alikuwa anamwonea huruma, akidhani ndiye pekee anayemshibisha. Hapo ndipo vidole vikaanza kunyooshwa. Mama akasema mkate haujawahi kumnenepesha mtu, angalieni hizo soda. Kaka akasema soda ni nusu, waulize wenye siagi. Baba akajitetea kwamba benchini kwake kuna nidhamu. Mimi nilikuwa wa kelele kuliko wote, nikijipiga kifua kwamba mimi ndiye ninayempa mboga.

Chiriku alikuwa amekaa juu ya gunia la vipande vya nguo, kimya, na unajua huyo mtoto akinyamaza lazima kuna jambo. Baba ndiye aliyekumbuka kumuuliza. Alimwambia mjukuu wangu, ukishiba kwa bibi yako kwa nini husemi umeshiba.

Akasema, "Nikikataa, mtu anakula peke yake."

Kaka alizima televisheni, na wewe unajua kaka na televisheni yake. Mtoto wa miaka tisa alikuwa anazunguka nyumba nzima kila jioni akimsindikiza kila mtu mlo wake, na kazi hiyo alijipa mwenyewe. Mimi nililia waziwazi, sikuona haya.

Siku ileile nilihamishia vitambaa vyangu chini ya kitanda na kwenye kamba ukutani. Usidhani ilikuwa rahisi. Ilibidi Baba abadilishane saa na mlinzi mwenzake, na mwenzake akataka kubembelezwa wiki mbili. Kaka alikataa katakata kuacha kazi za jioni, kisha akaziacha mwenyewe siku nne kwa wiki. Mama alinuna kuambiwa mkate ubaki bekari. Hata leo anauleta mmoja mmoja akisema ni wa ndege. Lakini saa kumi na mbili na nusu tunakaa mezani, watu watano, sahani moja kila mtu, maji kwenye jagi, televisheni imegeuziwa ukuta. Chiriku anasimulia ya shule mpaka chakula kinapoa. Na alasiri, badala ya kigoda cha jikoni, yeye na Mama wanatembea kwa miguu hadi kwa wateja wangu kupeleka nguo zilizokamilika, wakiteta njia nzima.

Miezi minane imepita. Muuguzi amempima tena wiki iliyopita: amerefuka sentimita tano na uzito haujapanda, na ameniambia kwa mtoto anayekua hivyo ndivyo inavyotakiwa, hatutafuti kumkondesha. Sukari imeshuka imekaa mahali pake. Hakoromi. Na juzi, dada, nimebana sketi. Nilichukua ile mishono niliyoiachia nikairudisha ndani, na nilikuwa naimba.

Sasa nifike ninapopaogopa.

Mwaka jana uliponiandikia kwamba umepata vyumba viwili na shule ya karibu, kwamba unataka kumchukua mwanao likizo ikiisha, nilikujibu kwamba mwalimu mkuu amekataa uhamisho. Mwalimu mkuu hakukataa. Sikuwahi kwenda kumuuliza. Nilikaa hapahapa kwenye cherehani nikatunga uongo ule, nikautia chumvi ya kutosha, ukauamini. Na Chiriku, ambaye ulikuwa umemdokezea, nilimwambia mipango yako imebadilika. Wewe kwa kuogopa kumtonesha hukulitaja tena kwenye simu, naye hakuuliza.

Mwanzoni nilijiambia ni aibu. Picha nilizokuwa nakutumia zote ni za uso, hukuwahi kujiuliza kwa nini? Niliogopa umwone alivyo, useme hivi ndivyo mlivyomlea. Lakini aibu ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ni kwamba sina mume wala mtoto, nilikuwa nafunga kazi saa moja, na huyu alikuwa wa kunisubiri. Alipotamka lile neno siku ile ya karatasi, wengine walifikiri anawasema wote. Mimi nilijua ananisema mimi.

Jumatatu nilikwenda shuleni. Mwalimu mkuu alisaini fomu ya uhamisho kwa dakika tano, akaniuliza mbona sikuja mapema. Fomu imo ndani ya bahasha hii, pamoja na karatasi ya vipimo na maelezo ya muuguzi kwa daktari wa huko. Kabla ya kuifunga bahasha nilimwita Chiriku nikamweleza kila kitu, bila kupunguza. Nilijikaza, nikamwambia nilidanganya, na kwamba mama yake hakubadilisha mpango wowote. Nilikuwa tayari kwa kilio, nilikuwa tayari anichukie.

Akasema, "Kwa hiyo Mama alikuwa ananitaka?"

Nikamwambia ndiyo, tangu mwaka jana. Hakuniuliza lolote jingine. Alitoka mbio, akaenda kumwambia Baba, akaenda kumwambia Mama aliyekuwa bafuni, akisemea mlangoni, akavuka barabara kuwaambia majirani ambao hawakuwa wameuliza. Nilimsikia mpaka upande wa pili: mama yangu alikuwa ananitaka, tangu mwaka jana. Hana hasira hata kidogo, dada. Angenitukana ningepumua. Mwaka mzima mtoto huyu alilala akiamini kwamba hukumtaka, na niliyempa imani hiyo ni mimi niliyekuwa namfunika shuka.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba uje umchukue mwenyewe, usitume mtu. Shule zinafungwa tarehe ishirini. Ukitaka kunigombeza, nigombeze mbele ya wote, nitasimama. Tangu Jumatatu amekwisha kufunga begi lake, na kila asubuhi analifungua kutoa sare ya kuvaa.

Baba na Mama wanakusalimu na kukuombea safari njema. Kaka anasema ulete betri za rimoti. Wasalimie wenzako wote wa chumba cha kufulia.

Ni mimi mdogo wako,
fundi wa nyumbani