Kwa Mujibu wa Mwandishi

Jumanne, 2 Machi 1993

Leo tena alama nne kati ya kumi. Kifungu cha ukurasa mmoja, dakika arobaini. Kidole kinafuata mstari, midomo inacheza kama ya mtu anayesali rozari. Kasiani anasoma kwa Kiingereza, anafikiri kwa Kifipa, mimi ananijibu kwa Kiswahili. Jibu likifika karatasini limeshachoka na safari.

Nimesahihisha kwa kalamu nyekundu ileile ya darasa la sita. Amenuna. Mume wangu akinuna huenda kuangalia kuku. Tuna kuku wawili.

Alhamisi, 4 Machi

Niandike mambo yalivyo. Ofisi ya kilimo inapunguza watu. Kasiani ni msaidizi wa bwana shamba, kazi ameifanya miaka kumi na miwili kwa baiskeli na kwa miguu, na cheti hana. Wasio na cheti ndio watakaoanza kuondoka. Chuo cha kilimo kinapokea wafanyakazi kwa mtihani, na sehemu kubwa ya mtihani ni ufahamu wa Kiingereza: unasoma habari, unajibu maswali. Mwisho ni miaka thelathini na mitano. Yeye anayo thelathini na minne na miezi. Mwaka huu au basi.

Mtihani ni tarehe 3 Aprili, hapa mjini. Mimi nafundisha Kiingereza shule ya msingi, kwa hiyo mwalimu wake ni mimi. Bure, na ugali juu yake.

Jumamosi, 6 Machi

Vifungu vya vitabu vyangu vya chuo cha ualimu tumekaribia kuvimaliza. Sokoni nimenunua dagaa wa Kirando, wamefungwa kwenye ukurasa wa gazeti la Kiingereza. Siku hizi magazeti ni mengi, hata dagaa wanachagua. Nikamwomba muuzaji anifungie na ukurasa wa pili. Amenitazama kwa huruma.

Habari ilihusu ufugaji wa nyuki. Maswali nimetunga mwenyewe. Kasiani amejaza nafasi ya swali la tatu kwa maelezo kwamba mwandishi amekosea, mti alioutaja nyuki hawaupendi. Swali la tatu liliuliza mizinga ilikuwa mingapi.

Tatu kati ya kumi. Nyumba nzima inanuka dagaa. Nampenda huyu mtu, lakini tatu ni tatu.

Jumatatu, 8 Machi

Ugonjwa nimeujua. Kiingereza anacho, si kingi, lakini kinatosha. Tatizo ni kwamba hajibu kilichoandikwa. Anajibu anachokijua. Nimemwambia mara ishirini: jibu limo kwenye karatasi, halimo shambani. Anaitikia vizuri kabisa, kisha anarudi shambani.

Jumatano, 10 Machi

Tumegombana. Kweli kweli.

Kifungu kilikuwa cha kitabu changu cha zamani, jinsi ya kutayarisha shamba. Mwandishi anasema nyasi zichomwe kwanza, majivu yanasaidia udongo. Swali: kwa nini mkulima achome nyasi? Kasiani akaandika nusu ukurasa kwamba nyasi hazichomwi.

Huku Ufipa hazichomwi kweli. Mvua zikikaribia kwisha nyasi zinarundikwa kwa duara, zinafunikwa udongo kwa jembe, maharage yanapandwa juu. Ndizo ntumba. Nyasi zinaoza humo ndani taratibu, na kabla ya mvua nyingine kilima kinavunjwa, udongo unatawanywa, ulezi unaota. Mwezi huu ukitazama bonde lote la Kasense ni vilima vidogo vidogo. Mimi nimetoka Mbeya, mwaka wa kwanza wa ndoa nilivicheka. Siku hizi sicheki, nimekula sana maharage yake.

Nikampa sifuri. Akauliza, "Kwa hiyo nikiandika uongo ndiyo napata maksi?"

Nikamjibu, "Unapata kazi. Huyo aliyeandika anayo kazi. Wewe ndiye unayeitafuta."

Nilikosea kusema vile. Niliona uso wake. Ameomba ruhusa ofisini, amepanda lori la mizigo, amekwenda kwa mama yake, kijijini Mwazye. Penseli ameiacha mezani, imechongwa vizuri.

Ijumaa, 12 Machi

Hajarudi. Neema anauliza baba yuko wapi, nasema kwa bibi. Anauliza kwa nini hakumchukua. Nikamtuma akalete kuni.

Nimepika ugali mwingi kwa mazoea. Kuku wamekula vizuri.

Jumapili, 14 Machi

Baada ya misa nimechukua koti lake la kazi nilifue. Mfukoni nimekuta daftari la ofisi, lile analobeba akitembelea wakulima. Sijawahi kulifungua. Leo nimelifungua.

Kila ukurasa ameuchora mstari katikati. Kushoto ameandika "Mkulima anasema". Kulia, "Nimeona".

Mkulima anasema mahindi yamerogwa na jirani. Nimeona: funza wa mabua.

Mkulima anasema mbegu za ofisi zilikuwa mbovu. Nimeona: mbegu bado zimo kwenye mfuko, jikoni.

Mfugaji anasema ng'ombe wake hawakuingia shamba la mtu. Nimeona: mavi ya ng'ombe, mabichi.

Nimecheka peke yangu hadi Neema akaja kuniangalia. Nimesoma daftari zima. Hakuna hata mahali pamoja ambapo amebishana na mkulima katika safu ya kushoto. Anaandika alichoambiwa, neno kwa neno, hata kama ni upuuzi. Yake anayaweka kulia.

Miaka kumi na miwili mume wangu anafanya ufahamu. Mimi mwalimu wake sikujua.

Jumatatu, 15 Machi

Amerudi, na mama yake, na debe la ulezi. Nimempigia mama goti, shikamoo. Akaitikia, akakaa. Halafu akauliza kwa Kiswahili chake cha polepole kama ni kweli tumegombana kwa sababu ya nyasi. Nikasema ndiyo, mama. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Nimemwomba Kasiani msamaha. Kavukavu, lakini nimeomba. Kisha nikamwekea daftari lake mbele.

"Baba Neema, mwandishi ni mkulima. Umekwenda kumtembelea. Andika anachosema, funga daftari, panda baiskeli."

Akalitazama daftari kama la mtu mwingine. "Na safu ya pili?"

"Safu ya pili utaniletea mimi."

Alhamisi, 18 Machi

Saba. Saba kati ya kumi, na kwa kifungu kilekile cha kuchoma nyasi. Kila jibu ameanza na maneno kwa mujibu wa mwandishi. Nilimwambia si lazima kila mara. Akasema ndiyo yanayomzuia mkono.

Halafu nilipokuwa nasonga ugali ameniletea safu ya pili. Imechukua muda wote wa kusonga na wa kula. Mwandishi yule angekuwepo angeomba maji.

Jumanne, 23 Machi

Nane. Dakika thelathini.

Tunafanyia shambani sasa, baada ya kazi. Mama anarundika nyasi, Kasiani amekaa kwenye kilima kilichokwisha, karatasi magotini, mimi na saa. Mama hajui kusoma. Kila kifungu kikiisha anataka aambiwe mwandishi kasema nini, na Kasiani anamweleza kwa Kifipa. Nimegundua kwamba akimweleza mama vizuri, na maswali anayajibu vizuri. Akikwama kwa mama, anakwama na kwangu. Kwa hiyo sasa mama anaelezwa kwanza. Jembe linaendelea huku anasikiliza. Leo amejua habari za barafu, na hakuipenda.

Jumatatu, 29 Machi

Niandike na hili, hakuna atakayelisoma.

Leo alistahili nane. Nikampa sita. Majibu mawili yalikuwa sahihi, nikayatia alama ya kosa nikijua kabisa. Mchana shuleni nilikuwa nimepiga hesabu ya kitu ambacho sijui kwa nini sikukifikiria: akifaulu anaondoka. Miaka miwili. Chuo chenyewe kiko Mbeya. Anakwenda kwetu, mimi nabaki kwao.

Aliposhika karatasi hakubisha. Alisema tu, "Basi bado," akaenda kuangalia kuku. Nimemfuata bandani, nikamwambia nimekosea kusahihisha. Akafurahi kama mtoto. Hakuniuliza nimekosea vipi.

Nimejionea aibu sana. Sitarudia.

Ijumaa, 2 Aprili

Leo hakuna zoezi. Nimempigia pasi shati jeupe. Mama amemkaangia karanga za kubeba. Neema amemchongea penseli tatu, mbili zimebaki fupi kama kidole. Baba yake amesema atazibeba zote.

Jumamosi, 3 Aprili

Amekwenda saa moja asubuhi. Saa tisa amerudi. Hakula. Amevua shati jeupe, akalitundika vizuri, akachukua jembe, akaenda shambani. Nilimwona kwa mbali, anarundika na kufunika, anarundika na kufunika. Nilijua ameshindwa. Nikakaa jikoni nikiyapanga maneno ya kumwambia. Hayakupangika.

Jua lilipopungua nikamfuata. Akanieleza akiwa ameegemea mpini.

Kifungu kilikuwa cha msafiri fulani wa zamani, aliyepita kwenye nyanda za juu akaona watu wanarundika nyasi shambani na kuzifukia. Jina la mahali halikutajwa, lakini hakuna pengine. Msafiri akaandika kwamba watu hao ni wavivu, hawataki kubeba nyasi kuzitoa shambani, kwa hiyo wanazificha chini ya udongo. Swali la sita: kwa nini watu hawa wanarundika nyasi?

Nikamuuliza ameandika nini.

Akasema aliishika penseli muda mrefu. Msimamizi alipita mara mbili. Halafu akaandika: kwa mujibu wa mwandishi, ni kwa sababu ni wavivu.

Alikuwa anatazama shamba, siyo mimi. Upande wa pili mama yake alikuwa bado ameinama na jembe lake, umri ule, tangu asubuhi.

Nimejivunia mume wangu leo, na nimemwonea uchungu, na sijui kipi kilitangulia. Nimechukua jembe la tatu. Tumemaliza mstari mzima.

Jumapili, 4 Aprili

Mama amedai kuelezwa kifungu cha mtihani. Nilidhani Kasiani atakipunguza makali. Hakupunguza. Amemweleza chote, na wavivu wamo. Mama aliendelea kuchambua maharage ya mbegu. Kisha akasema jambo kwa Kifipa na Kasiani akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Nikauliza kasema nini.

"Anasema mwandishi aje mwezi wa kumi na moja tunapovunja ntumba. Atampa jembe."

Ijumaa, 14 Mei

Amefaulu. Barua imekuja ofisini, ameileta nyumbani bila kuifungua, nimeifungua mimi kwa kisu cha vitunguu. Ufahamu amepata alama nzuri kuliko sehemu zote.

Nililia. Nilimwambia ni vitunguu. Vitunguu vyenyewe vilikuwa bado kwenye kikapu.

Jumapili, 27 Juni

Ameondoka na basi la asubuhi. Baridi na upepo, hapa Juni haina huruma. Nimemfungia koti, maharage ya shamba letu kilo tano, na barua kwa dada yangu wa Mbeya kwamba huyu ni mtu mwema ila asiachiwe kuongea habari za udongo wakati watu wanakula. Mama amemshika kichwa, akamwombea. Neema alimpa ile penseli fupi kabisa.

Tuliagana kama watu wazima. Nilisimama wima mpaka mwisho.

Jumatano, 7 Julai

Nyumba ni kubwa mno. Mama amekubali kubaki mpaka mavuno yaishe. Jioni tunakaa wawili, hatuna lugha moja ya kutosha. Ameanza kunifundisha Kifipa. Ananisahihisha vikali. Sasa najua Kasiani alivyojisikia.

Jumamosi, 17 Julai

Barua imefika. Bahasha nene. Nilidhani ni habari za chuo, chakula, bweni. Haya yalijaa nusu ukurasa. Yaliyobaki ni kifungu cha ufahamu, kwa Kiingereza, mwandiko wake wa ofisini, ametunga mwenyewe. Chini maswali matano, kila moja na mistari ya kujibia.

Kinahusu mwanamke mmoja mwalimu anayeishi penye upepo mwingi. Makosa ya Kiingereza yapo saba. Sikuyagusa.

Nimechora mstari katikati ya karatasi nyingine, nikakaa mlangoni penye jua, nikajibu moja moja. Mwanamke anafanya kazi gani? Anafundisha. Ana watoto wangapi? Mmoja. Nani anamsaidia shambani? Mama mkwe. Kalamu yake ina rangi gani? Nyekundu.

Swali la tano: siku mume wake alipoondoka, mwanamke huyu alilia?

Nimerudi kwenye kifungu, kama ninavyowafundisha. Kimesema wazi, mstari wa tisa. Kushoto nimeandika: kwa mujibu wa mwandishi, hakulia.

Kulia, chini ya "Nimeona", nimeandika: alilia, ila alingoja basi likate kona.

Mama ananiita, maharage yamekauka, tuanze kupiga. Jumatatu nikienda posta nitanunua stempu.