Majivu ya Alec Yaliyoachwa Avebury

Barabara ya Quarry 14,
Devizes, Wiltshire.
1 Septemba 2016

Mpendwa wifi yangu Rosalind,

Hamjambo huko Tasmania? Goti lako limepata nafuu tangu ulipoanguka bustanini? Mimi mwili haujambo. Nakula, nalala, na paka wa marehemu Alec amekubali kulishwa na mimi, ingawa bado ananitazama kama mpangaji.

Matofaa yameiva mapema mwaka huu. Nimepika jamu nyingi kuliko ninavyoweza kula peke yangu.

Sasa nisikuzungushe. Nina hasira, wifi, na wewe ndiwe dada yao Alec na Roland, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Unakumbuka tulikubaliana majivu ya Alec yapelekwe Wayland's Smithy, lile kaburi la kale lililo katikati ya miti juu ya kilima. Kila Agosti tulipozunguka kwa gari kutazama mawe ya kale, pale ndipo alipopaweka mwisho, watalii wakishaondoka. Alikuwa akiweka kiganja kwenye jiwe kubwa na kusema, "Hujambo, mzee?" ndipo afungue chupa ya chai. Nilimcheka kila mwaka.

Jumatatu hii ya sikukuu ya mwisho wa Agosti, kaka yenu Roland alijitolea kutuendesha, mimi na mkewe Thelma. Majivu niliyaweka nyuma ya gari, nimekizungushia chombo sweta ya Alec ya kijani. Tulisimama Avebury kwanza, kwenye lile duara la mawe ya kale, maana iko njiani.

"Hilary, hebu katuchukulie chai," Roland akaniambia. "Wewe ndiye bingwa wa foleni katika ukoo huu."

Foleni ya mkahawa ilikuwa imefika nje. Nikasimama kwa adabu zangu. Niliporudi na vikombe, Roland alikuwa anakisuuza chombo kwa maji ya kunywa.

"Imekwisha, shemeji," akasema. "Mvua inakuja, na magari yakijaa barabarani hatutoki leo. Nimekupunguzia uchungu."

"Lakini Roland, hapa sipo tulipokubaliana."

"Ah, mawe ni mawe! Yote ya kale. Unadhani Alec atalalamika? Lini umemsikia akilalamika?"

Thelma akacheka kidogo, kisha akainamia viatu vyake.

Na mimi nikasema asante. Wifi, nilisema asante! Nikampa chai yake, nikamuuliza kama sukari inatosha. Ndivyo tulivyolelewa sisi, mtu akikukanyaga mguu wewe ndiye unayeomba radhi.

Safari ikaendelea kama kawaida. Tulifika Wayland's Smithy jua likiwaka, mvua haikunyesha hata tone. Thelma akatugawia mikate ya mayai. "Pazuri hapa, eh? Alec angepapenda," akasema. Angepapenda! Nilitafuna mkate wangu nikatazama miti, maana ningefungua mdomo ningemrushia kikombe.

Kesho yake nilimpigia Roland simu kumuuliza ni sehemu gani hasa alipomwaga.

"Karibu na uzio wa kondoo. Au upande ule wa pili. Sikuangalia sana, shemeji, upepo ulikuwa mkali."

Hakuangalia! Ndugu yake wa tumbo moja. Hapo ndipo niliposema, "Roland, umeninyima kumuaga mume wangu." Kisha akasema, "Usianze, Hilary. Sote tumechoka." Nikakata simu.

Thelma ameleta keki akaiacha mlangoni bila kubisha. Nimewapa ndege.

Najua Roland atakuandikia kwamba nimechanganyikiwa kwa majonzi. Tafadhali usiniambie kuwa nia yake ilikuwa njema. Sikuhitaji nia yake. Nilihitaji kukifungua kile chombo kwa mkono wangu, nimwage polepole, niseme nilichotaka kusema.

Jana nilichukua gari la Alec nikarudi Avebury peke yangu. Kondoo walikuwa wametapakaa uwanja mzima, wakila majani. Nilitembea kidogo kando ya uzio, kisha nikashindwa kuendelea. Kila nilipotua mguu niliogopa kuwa namkanyaga. Nikarudi getini, na kwa kuwa sikujua yuko wapi, nikapaza sauti uwanja wote usikie. Nilimwambia mfereji wa paa umezibuliwa, ule aliouhangaikia hadi kitandani hospitalini, na maji hayaingii tena jikoni. Nilimwambia na mengine ambayo ni yetu wawili. Watu waliokuwa wakila aiskrimu waligeuka wote kunitazama, nikaendelea mpaka nikamaliza.

Msalimie sana mumeo Merrick, na umbusu binti yenu Imogen na wanawe kwa niaba yangu. Mungu awalinde nyote, akuponye goti, akulete huku salama siku moja.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Hilary