Mzee Amepumzika

Jumatatu, 6 Septemba 1999

Mjomba Zacheus amenifokea tena. Eti imeili zangu ni ndefu kama hotuba za harusi! Laini ya simu ya ofisi yetu ya kutuma imeili inapigwa mpaka Nairobi mara mbili tu kwa siku, saa sita na saa kumi na moja, na modemu ikianza kulia yeye anakunja uso. Nimemwambia chuoni Nakuru nilifundishwa kuandika barua, si kubweka. Akacheka. Hakuna kinachoniudhi kama kicheko cha bosi ambaye pia ni mjomba wako.

Mama Kipkemboi amefika kutoka Silibwet, na mvua yote ile. Kijana wake wa kwanza anasoma Amerika. Mama hasomi wala haandiki. Ananiambia kwa Kiswahili, mimi napiga chapa. Leo alikuwa na maneno machache: mzee ametoka hospitali Longisa, daktari amesema apumzike, asiguse jembe. Mimi nikaanza: "Kwa mwanetu mpendwa, ni matumaini yangu kuwa waraka huu utakukuta ukiwa buheri wa afya..." Mzee akatokea mstari wa tano. Nzuri lakini! Nimeisoma mara mbili kabla ya kuituma.

Jumatano, 8 Septemba

Jibu la Kipkemboi: "poa. mzee apumzike basi. niko bize na masomo. msg fupi tafadhali."

Basi! Hakuna salamu. Hakuna herufi kubwa hata moja! Anamwandikia mamake kama anayemjibu konda. Niliona aibu kumsomea mama vile. Nikamsomea, "Mama yangu mpendwa, pokea salamu nyingi kutoka kwa mwanao asiyekusahau..." Akatabasamu mpaka akaziba mdomo na leso. Akauliza kama ni yeye mwenyewe amesema hivyo. Nikasema ndiyo.

Si mara ya kwanza. Tangu Januari namvalisha huyu kijana tai.

Jumatatu, 13 Septemba

Mzee amekufa. Jana, watu wakiwa kanisani.

Mama amekuja na shemeji yake, Gibson. Mazishi ni Jumamosi na mtoto wa kwanza lazima awepo, Gibson amesema, hilo halijadiliwi. Tumepiga simu Amerika. Ile namba inalia tu, kijana alihama chumba. Imebaki imeili.

Nikaandika "amekufa". Mama akaniuliza nimeweka nini hapo. Nikamwambia. Akanishika mkono.

"Hiyo neno usiandike. Mtoto ako peke yake huko. Atasoma na nani?"

"Na mazishi, mama?"

"Wacha pia. Aje tu. Ataambiwa akiwa na watu."

Nikafuta. Nikatafuta neno la heshima, na kusema kweli nilijivunia nilipolipata: "Mzee wetu sasa amepumzika kwa amani. Sote twakuomba uwe nyumbani Jumamosi bila kukosa." Mjomba akachungulia begani mwangu. "Punguza, Mwihaki! Hii si barua ya askofu." Nikatoa "kwa amani". Nikatoa "bila kukosa". Ikaenda saa sita.

Jumanne, 14 Septemba

Hakuna jibu. Saa sita, hakuna. Saa kumi na moja, tangazo la mtu anayeuza printa. Nimekaa, nimesimama, nimepanga karatasi zilizokuwa zimepangwa. Mjomba ameniuliza kama nina viroboto.

Jumatano, 15 Septemba

Jibu. Nalinakili lilivyo:

"safi sana!! nilijua mzee atabisha lakini kama amepumzika ni vizuri. jmosi haiwezekani, nina mtihani jtatu. mwambieni asishike jembe mpaka nije desemba."

Safi sana! Ee Mungu wangu. Nililisoma nimesimama, nikakaa. Neno lile lile! Wiki iliyopita nilimwandikia daktari amesema apumzike. Sasa namwandikia amepumzika. Angeelewaje? Mimi mwenyewe ningeelewaje?

Mama akaingia saa sita na nusu, viatu vimejaa matope. "Amesema nini?" Nikasema laini ni mbovu. Akaketi kwenye benchi kusubiri itengenezwe. Nilitamani sakafu inimeze.

Alipotoka kununua chai nikamwonyesha mjomba. Hakucheka. Alisoma, akavua miwani. "Wacha heshima, Mwihaki. Mwambie. Saa hii." Akafungua laini kabla ya wakati wake — yeye! Nikaandika bila salamu, bila mpendwa:

"Kipkemboi. Baba yako amekufa Jumapili. Mazishi ni Jumamosi. Njoo."

Sikumwomba mama ruhusa. Amerudi Silibwet akidhani bado tunahangaika na waya.

Alhamisi, 16 Septemba

"wewe ni nani? mamangu hajawahi kuandika hivi. juzi amepumzika, leo amekufa? kama ni mzaha ni mbaya sana. mwambie mama aniambie mwenyewe."

Mama yupo hapa. Nimemweleza yote. Katazo lake nililolikiuka, na kumpumzisha mzee, na salamu. Zote, tangu Januari. Kwamba kijana huwa hasalimu, mimi ndiye namsalimia. Alikunja na kukunjua leso.

"Hata ile ya Pasaka? Alisema anakumbuka uji yangu."

"Hata ile, mama."

Hakunitukana. Heri angenitukana. Alivuta kiti mpaka karibu na kompyuta, akaniambia leo hatasema Kiswahili. Atasema lugha ya nyumbani, na mimi niandike vile anasema. Nikamwambia nimezaliwa hapa Kericho lakini Kikipsigis ninachojua ni salamu na bei ya maziwa. Akasema sawa, si mimi ninayeandikiwa.

Basi tunaandika. Anataja neno, analirudia polepole, mimi natafuta herufi. Nikikosea mlio ananigonga goti. Mpaka sasa maneno kumi na manne, na sijui hata moja maana yake. Ndege ya kumfikisha Jumamosi ni ya leo jioni kwao. Mjomba amesimama na simu mkononi. Saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Hajasema punguza.

Mama ameomba ningoje kidogo, amegeukia dirisha. Ndiyo nikapata nafasi ya kuandika haya. Nimeyatazama yale maneno kumi na manne kwenye skrini, nikitafuta lile neno alilonikataza Jumatatu. Nimeshindwa, nikamuuliza: mama, umeshalisema?

Amesema bado. Kwanza anamsalimia.